Daftari la mume wangu linasema zamu yetu imefika, nimpe hela ya palizi?

Anti shikamoo. Naomba jina langu lisitoke wala kijiji, sema tu niko wilaya ya Newala maana huku tunajuana wote. Nina miaka 31, mume wangu ana 36, tuna watoto wawili na ekari nne za mikorosho, tatu kaachiwa na bibi yake mzaa mama na moja ya kule juu tumenunua wenyewe kwa jasho letu.

Nianze kwa kusema mume wangu si mhuni, najua watu wakisikia mtu anabeti wanamchora vibaya. Hanywi, msimu wa uraka, ile pombe ya mabibo, wenzie wanalala njiani yeye anawapita na baiskeli yake anarudi nyumbani. Hajawahi kuninyanyulia mkono. Shule alikuwa anaongoza hesabu ila hakuendelea, hakukuwa na mtu wa kumsomesha.

Alianza mwaka jana mwezi wa kumi na moja hela ya mnada ilipoingia. Alikuwa anaweka timu moja tu, timu kubwa inacheza na ndogo, anatia elfu ishirini, akashinda mara tano mfululizo, Anti meseji zilikuwa zinaingia naziona kwa macho yangu. Akaninunulia kitenge na watoto godoro, akawa anasema mama nanii mimi nina jicho. Ya sita mkeka ukachanika, ya saba ukachanika, akahamia kwenye kindege, kile cha kwenye simu kinapaa huku namba inapanda, mara moja nukta mbili, mara moja na nusu, mara mbili, unatakiwa utoe hela yako kabla hakijatokomea, kikitokomea nayo imekwenda.

Sasa ana kauntabuku la kwaya mbili. Kila kindege kinapoishia anaandika, ikiwa chini ya mbili anaandika kwa peni ya bluu, ikivuka mbili anaandika kwa nyekundu. Kuna kurasa ameandika mpaka saa nane usiku. Jumapili alinikalisha akanionyesha, kila mahali bluu zimefuatana nyingi alafu ikaja nyekundu ameizungushia duara, na maduara ni mengi kweli. Anasema bluu zikifika sita au saba nyekundu haina pa kwenda, lazima itoke. Nikamuuliza mbona tangu mwezi wa kwanza umepoteza 640,000, akasema ni kwasababu sikuwa na mtaji wa kusubiri. Anachotaka ni 420,000 ninayoitunza mimi kwenye simu yangu, hela ya vibarua wa palizi na ya yule kijana anayetupulizia salfa. Ataanza na 2,000, ikiliwa anaweka 4,000, ikiliwa 8,000, hivohivo anadabo mpaka nyekundu itoke. Anasema tumeshapoteza sana na zamu yetu imekaribia, tukiacha sa hivi ni kama mtu aliyechimba kisima futi 60 akaacha imebaki futi moja.

Nikikataa anasema atauza kangomba ile ekari ya juu. Kuna mtu ameshamwambia atampa hela sasa, msimu ukifika anakuja kubeba korosho. Mjomba wake yupo Masasi na ndo mtu pekee anayemsikiliza ila nikimwambia mjomba mume wangu atasema nimemvua nguo.

Alafu Anti kuna jambo linanitia aibu. Juzi usiku yeye amelala mimi nikalichukua lile daftari nikaanza kuhesabu maduara kwa tochi ya simu, na mimi nikaona kama kweli vile. Mtu akipoteza sana si lazima kuna siku atashinda? Nimpe au nisimpe?

Mama wa Wawili, Newala

*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeirudia mara tatu, na hapo penye tochi ya simu ndo nimekaa zaidi. Usione aibu kabisa. Ulichokiona kwenye lile daftari kila mtu angekiona, mimi pia ningekiona, kwa hiyo tusianze kwa kudhani mumeo amechanganyikiwa na wewe umemfuata.

Nikikusoma vizuri mambo ni mawili na yamefungwa kamba moja. Kuna swali la hesabu, je kupoteza kwingi kunasogeza ushindi karibu. Alafu kuna la nyumbani, kwamba ukikubali hela ya shamba inaingia kwenye kindege, ukikataa ekari inaingia kwa mtu wa kangomba. Nianze na la hesabu maana la nyumbani limeegemea hapo.

Huo mfano wake wa kisima ni mzuri sana na ndo palepale palipomteleza. Futi 60 ulizochimba jana ukiamka asubuhi unazikuta, shimo halijasahau kazi yako, kwa hiyo kweli umebakiza moja. Kindege ni shimo ambalo kila kikitokomea linafukiwa lote mpaka juu, unaanza upya kwenye majani. Ile 640,000 haijachimba kitu chochote kinachowasubiri.

Fanya hivi uone kwa mikono yako. Chukua korosho kumi, tano nzima na tano mbovu, tia kwenye kapu, fumba macho utoe moja moja na kila unayotoa weka pembeni. Ukitoa mbovu nne mfululizo, ndani ya kapu zimebaki nzima tano na mbovu moja, hapo ukisema sasa itakuja nzima uko sahihi kabisa, kapu limebadilika. Sasa rudia, ila safari hii kila unayoitoa irudishe ndani ukoroge ndo utoe nyingine. Toa mbovu nne, toa hata tisa, kapu ni lilelile la tano kwa tano, halina habari na ulichotoa mwanzo. Mumeo anacheza kapu la pili huku kichwani ana kapu la kwanza.

Na nadhani najua kapu la kwanza amelitoa wapi. Amelitoa shamba. Mkulima mzuri anaishi kwa kukumbuka, mkorosho ukipigwa na ubwiri unga maua yanaungua na yeye anajua ni kwasababu salfa ilichelewa, palizi ikifanyika mapema anajua itamlipa, anaangalia mawingu, anaangalia maua, anapanga. Kila kitu anachoshika mchana kina kumbukumbu, ardhi inakumbuka, mti unakumbuka. Akili hiyohiyo iliyomfanya apalilie mapema kuliko majirani akiipeleka kwenye mashine inamdanganya, maana mashine haikumbuki hata hiyo ya dakika moja iliyopita. Mimi hapo siuoni ujinga, na ningependa wewe ukiongea nae uanzie hapo, kwenye akili yake.

Sasa swali lako, mtu akipoteza sana si lazima kuna siku atashinda. Siku ya kushinda ipo, tena nyingi tu, kindege kitapita mbili leo leo hii mara kadhaa. Shida ni hilo neno lazima, na hiyo "sana" tunayoiweka mwanzo kama vile inadai deni. Kule Italia kuna bahati nasibu ambayo kwenye mji wa Venice zinatolewa namba 5 kati ya 90, maana yake namba yoyote ina nafasi moja katika 18 kila droo. Namba 53 ikakaa bila kutoka tangu 2003 mpaka tarehe 9 Februari 2005, karibu miaka miwili. Kila ilivyozidi kuchelewa watu wakazidi kuitilia hela, nchi nzima ilimwaga mabilioni ya yuro, akiba za familia zikaenda, wengine wakakopa, kuna watu maisha yao yaliishia humo kwa uchungu. Na kila droo mpaka ile ya mwisho nafasi ilikuwa ileile, moja katika 18. Waliokuwa wanasema "imechelewa mno, wiki hii lazima" walisema hivyo wiki nyingi sana. Nawaza wake na waume wangapi walikaa mezani kama nyie Jumapili ile.

Mumeo ataleta hoja nyingine kwasababu anajua hesabu, atasema lakini mwisho wa siku si inasawazika? Hoja ya maana hiyo. Kulikuwa na mwanahisabati anaitwa John Kerrich, Vita ya Pili ya Dunia ilimkuta Denmark akazuiliwa huko, na kwenye kuzuiliwa kwake akarusha sarafu mara 10,000 akiandika kila moja, naye alikuwa na daftari lake kama mumeo. Kichwa kilitoka mara 5,067. Ukitazama kwa asilimia ni nusu kwa nusu karibu kabisa, lakini upande wa pili ulitoka 4,933, tofauti 134. Aliyekuwa anatilia upande wa pili shilingi elfu kila mrusho angemaliza na hasara ya 134,000, pamoja na kwamba "imesawazika". Kusawazika kwenyewe kunakuja kama chumvi iliyozidi ukaongezea maji mengi, haionjeki tena ila haijatoka kwenye sufuria. Na hiyo ni sarafu ambayo haina mwenyewe. Kindege kina mwenyewe na amejikatia fungu lake ndani ya kila mpao, kwa hiyo nafasi ya kuvuka mbili huwa pungufu kidogo ya nusu, na hako kapungufu kakirudiwa usiku kucha ndo kanawalipa mishahara.

Turudi kwenye daftari, maana hilo ndo shahidi wenu na sitaki mlichome. Umesema amezungushia duara pale bluu nyingi zilipofuatwa na nyekundu. Mwanangu, zile bluu nyingi zilizofuatwa na bluu nyingine zimezungushiwa nini? Kama hazina duara basi wewe usiku ule na tochi yako ulikuwa unahesabu mashahidi wa upande mmoja tu. Namna ya kuhesabu haki ni kutafuta kila mahali bluu nne zimefuatana, kila mahali kabisa, alafu kuandika ya tano ilikuwa rangi gani. Msiishie kwenye mifano tisa kumi, hapo chochote kinaweza kutokea na yeye akapata ya kusemea, hata pale ghalani hawapimi ubora wa gunia kwa kubangua korosho mbili. Zifike mia na zaidi, na daftari la kwaya mbili lililoandikwa mpaka saa nane usiku linazo. Mimi nategemea nyekundu zitakaribia nusu au pungufu kidogo, sawasawa na mahali pengine popote kwenye daftari ambapo hakuna bluu zilizotangulia.

Na huko kudabo tukuhesabu pia. 2,000, 4,000, 8,000, 16,000, 32,000, 64,000, 128,000. Hizo ni mara saba na jumla ni 254,000. Ya nane inataka 256,000 na kwenye 420,000 yenu imebaki 166,000, haiwezi. Kwa hiyo mpango mzima umesimama juu ya imani kwamba bluu saba hazifuatani, na yeye mwenyewe kakwambia bluu zinafika sita saba, zimo kwenye daftari lake! Nyekundu ikitoka popote njiani faida ni 2,000 tu, hata kama alishafika kuweka 128,000. Kwenye mchezo wa pungufu ya nusu bluu saba zinakuja karibu mara moja katika kila mizunguko 100 anayoanza, maana yake anaokota elfu mbili mbili mara 99, inafika 198,000, anafurahi, anasema nilikwambia, alafu siku moja inaondoka 254,000 ndani ya dakika chache. Ubaya wa mpango huu ni kwamba huo ushindi mdogomdogo ungekuja kwanza mara nyingi tu, na wote wawili mngeamini.

Kuhusu zile tano za mwezi wa kumi na moja, mpira si sarafu, hilo namkubalia, timu kubwa ina nafasi zaidi. Lakini wanaopanga odi, yaani hela yako itazidishwa mara ngapi ukishinda, wanalijua hilo kabla yake ndo maana wanaipa odi ndogo. Timu yenye nafasi ya 70 kwa 100, kuipatia mara tano mfululizo ni kama mtu mmoja katika kila sita wanaobeti vile. Hapo Newala peke yake watu wa hivyo mwezi ule walikuwa wengi, na kila mmoja alikuwa anamwambia mke wake ana jicho. Wale watano wengine hawakununua godoro kwa hiyo habari zao hazikukufikia.

Haya, la nyumbani. Hapa sina jibu la kukukabidhi, wewe ndo unaishi nae.

Unaweza kumpa yote. Utakuwa umenunua amani ya wiki mbili tatu, na hatari yake umeiona, na mwezi wa salfa hausubiri mtu. Unaweza kumpa kidogo, tuseme elfu ishirini mkubaliane zikiisha basi, wapo wanaofanya hivyo na inawasaidia kuonana wazi, ila jiulize kama akishinda hizo za kwanza utaweza kumkatalia zinazofuata wakati wewe mwenyewe ulishaanza kuhesabu maduara. Unaweza kukataa kabisa. Hapo unaogopa kangomba, na uoga wako ni wa haki, kuuziana hivyo ni kinyume cha taratibu kwa hiyo hata akiwadhulumu mtalia kwa nani, na bei yake mnaijua. Lakini naomba uitazame hiyo sentensi yake tena. Ameiweka kana kwamba wewe ukikataa ndo umeiuza ekari. Anayeuza ni anayeuza. Na umesema ile mmenunua wenyewe kwa jasho lenu, sasa je mtu wa kangomba anajua kwamba ina wenyewe wawili?

Kuna njia nyingine ya katikati, kuigeuza hela iwe kazi, vibarua wakaanza palizi na kijana wa kupulizia akapewa chake mapema na mkaandikishana. Hela ikishakuwa shamba lililopaliliwa haichezeki. Ila ukiifanya kimyakimya ataona umemzunguka, na mwanaume aliyeleta daftari akafungua mbele ya mke wake alikuwa anakuamini, wangapi wanafanya kwa siri mpaka nyumba inakuja kubebwa? Ningekuwa wewe ningemwambia kabla, hata kama atakasirika. Lakini najua kuna nyumba ambazo kusema kabla ndo kuipoteza hela, wewe ndo unajua yako ni ipi.

Kwa mjomba, huko kwetu kusini mjomba si mtu wa pembeni, neno lake lina uzito ambao mimi na wewe hatuna. Kumvua nguo ni kumpelekea mjomba mashtaka. Kumwambia mumeo "naomba twende wote kwa mjomba na daftari lako umuonyeshe ulivyonionyesha mimi" ni jambo tofauti kidogo. Anaweza kukataa, na kukataa kwenyewe kutakueleza kitu.

Kimoja kinanisumbua kuliko hela, ni hiyo saa nane usiku. Kama halali, kama hasira zinapanda akizuiwa simu, kama anarudi kila mara kufuata alichopoteza, hiyo inaweza kuwa imeshavuka mchezo, Shirika la Afya Duniani linaihesabu kuwa ni ugonjwa na inatibika kwa kuongea na mtaalamu. Mkifika Mtwara mjini ulizieni afya ya akili pale hospitali ya mkoa Ligula, hamna aibu yoyote. Na akaunti yake ya kubeti anaweza kuomba huduma kwa wateja waifunge, afanye mwenyewe kwa hiari yake, ukimfutia wewe atafungua nyingine jioni hiyohiyo.

Jumapili mkikaa tena usikae mbele yake kama hakimu, kaa pembeni yake, mwache yeye ashike peni na wewe utaje rangi. Bluu nne, ya tano ilikuwa nini, endelea, mpaka mia. Alafu niandikie kilichotoka, hata kikiwa kinyume na nilivyosema.